Sahihi ya Mpika Kahawa

Katika klabu ya mabaharia wastaafu wa nyambizi Alewife, pale Groton, mji wa bandari Marekani, hakuna mtu mbaya aliyewahi kufa. Wabaya wote walikuwa hai bado, wakinywa kahawa. Kufa kulikuwa dawa: mtu akishazikwa tu, tabia yake inanyooka kama shati lililopita chini ya pasi. Earl Hutchins, aliyewahi kulala zamuni hadi maji yakamfika kwenye soksi, alipokufa akawa "mlinzi asiyefumba jicho." Dwight Cazenove, ambaye mkewe alikuwa akivaa miwani ya jua kanisani mwezi wa Januari, theluji ikianguka, akawa "mume mpole, nguzo ya nyumba." Na Kapteni Prescott Haldane, aliyetundikwa ukumbini ndani ya fremu ya dhahabu, akawa "baba wa wote," ingawa katika watoto hao wote walikuwamo wa kula mezani na wa kutandika meza.

Fundi wa kuyashona mavazi haya ya maneno alikuwa Lyle Pettibone, katibu. Kila mwaka, mwisho wa Mei, wanachama walikusanyika, majina ya marehemu yakasomwa moja moja, na kila jina likafuatwa na pigo moja la kengele ileile iliyokuwa ndani ya Alewife. Wenyewe hawakusema mtu amekufa. Walisema ameondoka kwa doria ya milele. Verlene Broadnax, aliyeyasikiliza haya yote kupitia dirisha la jikoni huku mikono imo kwenye maji ya sabuni, alikuwa na jibu lake.

"Doria gani?" alikuwa akimnong'oneza mumewe. "Walipokuwa hai, nusu yao hawakufika chooni bila kuuliza njia."

Mumewe alikuwa akicheka bila kutoa sauti, mabega tu yakitikisika. Jina lake Cornelius, lakini mji mzima ulimwita Neely. Miaka minane alikaa ndani ya Alewife, chombo kilichopewa jina la samaki ambaye hata paka wa Groton humla kwa kushurutishwa. Alikuwa mhudumu wa maofisa: kupika kahawa, kutandika meza, kupiga pasi suruali za watu wazima wenye mikono yao miwili. Si kwamba alichagua. Alipoandikishwa kule Carolina Kusini mwaka 1953, kijana mweusi alionyeshwa mlango mmoja tu, nao ulinuka vitunguu. Alipozeeka akajiunga na klabu, na klabu nayo ikamwonyesha mlango uleule. Miaka ishirini na mbili alilisimamia birika kubwa la umeme, lenye kichwa kigumu kama nyumbu, ambalo hakuna mwingine aliyeliweza. Verlene alimfuata humo jikoni kwa sababu ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumwona mumewe siku ya Jumamosi.

Neely alikufa mwezi wa Februari, theluji ikiwa magotini. Warren Stadtlander, mwenyekiti wa klabu, alifika mazikoni na koti la buluu lililojaa beji kama mti wa Krismasi. Alilia kwelikweli. Akala sahani tatu za kuku, akalia tena.

"Shemeji," alimwambia Verlene, akiwa amemshika mikono yote miwili, "mwezi wa Mei tutamgongea kengele hadi ng'ambo ya mto wasikie."

Verlene hakuwa mtu wa kuamini ahadi inayotoka kwenye kinywa chenye kuku. Lakini hiyo aliiamini. Aliibeba Machi nzima, akaibeba Aprili, kama mtu anavyobeba yai mfukoni. Hakutaka maua, hakutaka hotuba. Alitaka pigo moja la chuma kwa chuma, jina la mumewe likiwa limetangulia.

Mei ilipofika, Jumatatu moja, orodha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Majina arobaini na moja. Aliisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Neely hakuwamo.

"Lyle," alimwita katibu, "mmemsahau mtu."

Pettibone akaanza kupanga kalamu zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Ah. Hilo... ungemwuliza mwenyekiti, bibie. Mimi naandika ninachopewa."

"Na ule uongo wote wa kila mwaka nao unapewa, au huo ni wako?"

Pettibone akakumbuka kwamba gari lake ameliacha vibaya, akatoka kwenda kuliangalia.

Mwenyekiti alimpokea Jumatano, ofisini, kwa upole wa daktari anayetaka kukuambia jambo. Akamketisha. Akamwuliza hali ya goti lake. Verlene akamwambia goti lake halikuja kusomewa majina.

"Shemeji, ngoja nikueleze vizuri," alisema Stadtlander. "Kengele ni ya waliofuzu. Baharia hapewi nyambizi kwa kuingia tu. Anajifunza chombo kizima, kila valvu, kila waya, kila tangi, hadi aweze kutembea mle ndani amefungwa macho. Anatahiniwa, anapasi, anavishwa beji ya pomboo wawili. Hapo ndipo anakuwa mmoja wetu. Ndiyo sheria, na sheria hiyo haikutungwa na mimi."

"Neely alifuzu. Mwaka 1957. Beji yake iko kwenye kopo langu la unga wa kuokea."

"Beji zinauzwa dukani pale nje ya lango, shemeji. Watalii wanazinunua, wanawavisha mbwa. Sisi tunaangalia faili, na kwenye faili la Neely hakuna kilichoandikwa. Nimetafuta mwenyewe." Akaweka mkono kifuani, juu ya beji zake. "Alikuwa mwanachama mshiriki tu, si mwanachama kamili. Miaka yote ishirini na mbili. Yeye mwenyewe alijua."

Hilo Verlene hakulijua.

"Lakini hatukumsahau," Stadtlander akaendelea, uso ukimchanua. "Kamati imekaa. Tumekubaliana tumpe uanachama wa heshima. Baada ya majina yote kusomwa, nitasimama nishukuru jiko. Na kuna jingine, nilitaka iwe siri: tunanunua birika jipya la kahawa. Jina lake tutalichonga pale ubavuni!"

Verlene alimtazama mtu huyu usoni. Alijaribu kuona kama kuna mzaha. Hakukuwamo. Mtu alikuwa amefurahi, amelowa furaha, alikuwa akingoja kukumbatiwa.

"Kwa hiyo Cazenove anagongewa kengele," alisema taratibu, "na mume wangu anachemshiwa maji."

"Shemeji, usiichukulie hivyo."

"Ushemeji ni kwa mtu aliyeolewa na ndugu yako, Warren. Wewe unasema huyo ndugu hayumo kwenye faili. Basi mimi ni nani wako?"

Alipofika nyumbani akaivuta pochi ya marehemu kutoka kwenye droo. Kweli: kadi ya klabu, neno "mshiriki" limepigwa chapa nyekundu. Akakaa kitandani akamkasirikia Neely kwa sauti kubwa, maana nani angemkataza. Miaka ishirini na mbili ya kusugua vikombe vya watu! Na yeye anajua, na ananyamaza, na anacheka kwa mabega!

Kilichotokea mwaka 1957 alikuwa amesimuliwa mara nyingi. Neely alijifunza Alewife katika saa ambazo wenzake walilala, akiwa na sahani ya maofisa mkononi kama kisingizio cha kupita kila chumba. Wakubwa watatu wakamtahini, wakamfunga macho, wakamzungusha. Hakukosa kitu. Jioni yake mabaharia wakafanya kama ilivyo ada: wakaitumbukiza beji kwenye glasi ya wiski, naye akainywa yote hadi akaidaka beji kwa meno. Asubuhi karatasi ikapelekwa kwa Kapteni Haldane aitie mkono. Baba wa wote akaisoma, akaitia kwenye droo, akasema, "Kumimina kahawa hakuhitaji beji." Karatasi ile haikutoka tena. Kule chini kila mtu alijua Neely amefuzu. Juu, kwenye faili, alibaki mtu wa sukari kijiko kimoja au viwili.

Na huyo Haldane ndiye anayegongewa kengele ya kwanza kila mwaka. Mkubwa ndivyo alivyo: akikudhulumu akiwa hai ni amri, akifa ni historia, na ukiuliza unaambiwa unavuruga ibada.

Ijumaa alikwenda klabuni kufuta vumbi. Hakwenda kwa kupenda. Kichwa kilikuwa kimesusa tangu Jumatano, lakini mikono ilikuwa haijapewa taarifa. Akafuta fremu ya Haldane, akabonyeza kitambaa kwenye jicho la kushoto kuliko ilivyohitajika. Akahamia fremu iliyofuata, ambayo ndiyo fahari ya mwenyekiti: kadi yake ya kufuzu, ya mwaka 1959, imewekwa kwenye kioo chini ya taa ndogo ya peke yake. Jina "Warren Stadtlander" limeandikwa juu kwa herufi za mashine. Chini yake safu ya mifumo ya chombo: betri, hewa, mashine, mabomba ya kurushia topido, yale makombora ya majini. Na mbele ya kila mfumo, sahihi ya baharia aliyemtahini na kuridhika.

Kioo kile alikuwa amekifuta mara elfu. Siku zote alifuta kioo, hakusoma karatasi. Safari hii kitambaa kilisimama.

Mstari wa sita. Mfumo wa kusawazisha chombo, yaani kuhamisha maji kati ya matangi ya mbele na ya nyuma ili nyambizi isiende kichwa chini. Sahihi: C. Broadnax.

Ile B yake, yenye mkia kama ndoana. Verlene aliijua B ile kutoka kwenye karatasi za kwenda sokoni za miaka arobaini na minne. Mayai, siagi, Broadnax.

Halafu akakumbuka. Neely alikuwa akisimulia juu ya kijana mmoja wa topido, mweupe kama maziwa, aliyefeli mfumo huo mara mbili kwa kuchanganya mbele na nyuma. Neely alimweka pale penye kijimeza cha kuandalia chai, akampangia vikombe vinne viwe matangi, akamfundisha kwa kuhamisha kahawa kutoka kikombe hiki kwenda kile, wiki tatu, hadi kijana akaacha kulia. Verlene alikuwa akicheka kila aliposimuliwa. Hakuwahi kuuliza jina la kijana, na Neely hakulitaja, maana hakuwa mtu wa kumvua mwenzake nguo.

Akaketi kwenye kiti cha mwenyekiti, kitambaa mapajani. Miaka ishirini na mbili Stadtlander aliitazama kadi ile kama mtu anavyotazama kioo cha kunyolea: aliona uso wake tu.

Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya mazoezi ya ibada. Wazee ishirini hivi walifika, makoti yao ya buluu yakiwa yamebana pale tumbo lilipopanda cheo. Walikaa, wakapiga soga, wakaanza kutazama dirisha la jikoni. Hakuna harufu. Hakuna mvuke. Mmoja akaenda kuligusa birika, akarudi akinong'ona, "Baridi," kwa sauti ya mtu aliyegusa maiti.

Verlene alikuwa ameketi safu ya mbele, mkoba magotini, kofia ya kanisani kichwani.

"Shemeji," alisema Stadtlander, "kuna tatizo la umeme?"

"Umeme upo. Nina swali, mwenyekiti. La sheria."

"Uliza."

"Hizo sahihi kwenye kadi. Nani anaruhusiwa kutia?"

Stadtlander akatabasamu. Sheria ilikuwa wimbo wake. "Aliyefuzu peke yake. Asiyefuzu hawezi kumfuzisha mwingine. Ukitia sahihi bila kufuzu, mstari huo ni batili."

"Na mstari mmoja ukiwa batili?"

"Kadi nzima batili! Nyambizi haizami nusu, shemeji." Wazee wakacheka. Wengine wakapiga makofi mapajani.

"Ahsante," alisema Verlene. "Sasa nenda ukanisomee mstari wa sita wa kadi yako pale ukutani. Kwa sauti, ili na Kapteni asikie."

Stadtlander akaenda, bado akitabasamu, akavaa miwani. Kisha akabaki pale. Mgongo wake ndio ulioanza kujua. Koti lilishuka mabegani kama limepoteza tundiko.

"Soma, Warren, tunazeeka," mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Amesimama kama amesahau mbele na nyuma," alisema Verlene. "Atangulize vikombe vinne, atakumbuka."

Pettibone akaenda kuchungulia juu ya bega la mwenyekiti, akasoma yeye. "C. Broadnax," alisema, kisha akafunika mdomo kama mtoto aliyetukana.

Ndipo Bruno Wojtasik, aliyekuwa fundi wa mashine na sasa masikio yake yote mawili yanatumia betri, akauliza kwa sauti ya mtu anayedhani wengine ndio viziwi: "Anasema nini?"

"Anasema kadi ya Warren ina sahihi ya Neely!"

"Na yangu pia," alisema Wojtasik. "Kwani nani hana ya Neely? Yule ndiye aliyekuwa na subira. Wengine ukiwaomba wakutahini wanakutukania mama. Neely unapewa na biskuti." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa pochi, na ndani ya pochi karatasi iliyokunjwa hadi imekuwa kama kitambaa. "Hii hapa. Betri. Matangi. Hewa. Broadnax, Broadnax, Broadnax."

Wazee wakaanza kupapasa mifuko. Kadi hizi walizitunza kuliko vyeti vya ndoa, na wengi walikuwa na sababu. Zikatoka kwenye pochi, kwenye Biblia, kwenye mfuko wa plastiki wa kuhifadhia mkate. Mmoja alikimbia hadi nyumbani kwake mtaa wa pili, kama inafaa kuita kule kukimbia. Na kila kadi iliyofunguka, mtu akapiga mluzi au akamtaja Yesu. Ile B yenye ndoana ilikuwa imewavua wote.

"Tulieni!" alisema Stadtlander. Uso ulikuwa umepata rangi ya kitambaa cha kufutia vumbi. "Tulieni. Hilo ni kosa la ofisi. Neely hakupaswa kutia sahihi. Alifanya kwa nia njema, lakini..."

"Basi wewe hukufuzu," alisema Verlene. "Vua."

"Nini?"

"Hizo beji. Dukani zinauzwa, nasikia wanavisha mbwa."

Kicheko kilichotoka safu ya nyuma kilikatika haraka, maana aliyecheka alikumbuka kadi yake mwenyewe.

"Lyle," Verlene akaendelea, "kabati la marehemu lina kadi zao, sivyo? Lifungue. Tusiwaonee walio hai peke yao."

Pettibone alimtazama mwenyekiti, akamtazama Verlene, akaona nani ana funguo za asubuhi ile, akalifungua. Wakazitoa kadi za marehemu arobaini na moja, wakazipanga juu ya meza ya biliadi. Kazi ikachukua nusu saa. Ilikuwa kama kuhesabu kura katika mji ambao hakuna aliyetarajia uchaguzi. Hutchins, mlinzi asiyefumba jicho: Broadnax. Cazenove, nguzo ya nyumba: Broadnax mara mbili. Mwisho Pettibone akainua kichwa.

"Ishirini na sita," alisema. "Ishirini na sita wana sahihi yake."

"Kwa hiyo wanabaki kumi na watano," alisema Wojtasik. "Ibada itakuwa fupi. Vizuri, kibofu changu kitashukuru."

"Hatumtoi mtu!" Stadtlander alikuwa akitokwa jasho mwezi wa Mei kama yuko kwenye chumba cha mashine. "Sikilizeni. Napendekeza hivi. Tupige kura. Kamati itambue sahihi zote za Broadnax kuwa halali, kwa msamaha maalumu, bila... bila kugusa suala la hadhi yake mwenyewe."

Wojtasik aliizungusha betri ya sikio la kulia, kisha la kushoto, kuhakikisha. "Yaani mkono umefuzu, mwenyewe hajafuzu?"

"Kisheria..."

"Warren. Mkono ulikuwa wa nani? Uliota kwenye kijiko?"

Sasa walicheka wote, na hawakukatika. Lakini Verlene hakucheka. Alikuwa amesimama, na goti lake lilikuwa likimuuma.

"Mlijua," alisema. Hakupaza sauti, na kwa hiyo wakasogea kumsikia. "Mimi sikuja hapa kuwathibitishia. Mlikuwa mle ndani. Mlimmiminia wiski, mkampigia makofi alipoidaka ile beji kwa meno. Asubuhi Haldane akafunga droo, na hakuna hata mmoja wenu aliyeugonga mlango wake akamwambia, Kapteni, umesahau karatasi ya mtu. Haya, mlikuwa vijana, mlimwogopa. Alikufa mwaka wa sabini na nane! Kuanzia hapo mlimwogopa nani? Picha?"

Wazee walikagua viatu vyao. Ni watu walioweza kukaa miezi miwili chini ya bahari bila kuliona jua, na sasa walishindwa kumtazama bibi kizee wa miaka sabini na sita mwenye kofia ya maua.

"Sisi tulidhani ilishaandikwa," mmoja alisema hatimaye.

"Mlidhani. Na kila mwaka orodha ya washiriki inabandikwa pale mlango wa mbele mnaoingilia ninyi, si huu wangu wa jikoni, jina lake likiwa la kwanza kwa sababu ya alfabeti." Akafungua mkoba, akatoa kopo dogo la unga wa kuokea, akaligeuza juu ya meza ya biliadi. Beji ikaanguka pamoja na vumbi jeupe, ikaviringika, ikatulia katikati ya kadi. Kwenye pezi moja la pomboo kulikuwa na alama mbili ndogo za meno. "Hiyo ya dukani ina meno ya nani?"

Wojtasik aliinyanyua, akaitazama karibu sana, kama mtu anayesoma maandishi ya dawa. Macho yake yalikuwa mabovu kuliko masikio. Akaipitisha kwa aliyemfuata.

Hakukuwa na kura. Stadtlander alichukua kalamu ya Pettibone, akaenda kwenye ubao wa matangazo, akaandika jina la arobaini na mbili kwa mkono wake. Herufi zikapanda mlima.

"Na birika?" aliuliza Verlene.

"Hatulichongi," alisema mwenyekiti.

"Ahsante."

Siku ya Jumapili watu walijaa hadi mlangoni. Bendera nusu mlingoti, wajane wamepangwa upande wa kivuli, Wojtasik amesimama kando ya kengele na nyundo yake ndogo. Verlene alikaa safu ya mbele, beji imebanwa kwenye kola ya koti jeusi. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mwanamke haruhusiwi kuivaa.

Haldane akasomwa kwanza, na uongo wake. Kengele. Cazenove akasomwa, mume mpole. Mjane wake, bila miwani siku hizi, aliangalia mbinguni kama mtu anayengoja ndege ipite. Kengele. Majina yakashuka moja moja, wote watakatifu, wote hodari, wote wametoka kwa fundi mmoja.

Kisha Stadtlander akafika mwisho wa orodha, akakunjua karatasi nyingine. Verlene akauona urefu wake, akajua Pettibone ameketi usiku kucha na cherehani.

"Cornelius Broadnax," mwenyekiti alisoma. "Ndugu yetu mpendwa. Mtu wa tabasamu lisilozimika. Tangu siku ya kwanza alipokewa ndani ya Alewife kama mwana wa nyumba. Mnyenyekevu, asiyelalamika, aliyeijua nafasi ya..."

"Futa," alisema Verlene.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anavyomwambia mtoto ateme kitu alichookota.

Stadtlander akasimama katikati ya sentensi. Upepo ulikuwa ukivuta kona ya karatasi. "Shemeji, ni... ni maneno mazuri."

"Ni mazuri, ndiyo maana hayamhusu. Wagawie wengine, yanawakaa. Huyo msomee kilicho kweli."

Watu waligeuza shingo. Mjane wa Cazenove alikuwa ameacha kutazama mbinguni, sasa anatazama hapa, na mdomo wake umejikaza kwa kitu kinachofanana sana na furaha. Stadtlander aliitazama karatasi kutoka juu hadi chini, akitafuta mstari wa kweli. Ilimchukua muda. Hatimaye akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoa miwani.

"Cornelius Broadnax," alisema. "Alifuzu mwaka 1957. Hilo halikuandikwa." "Alinifundisha kusawazisha chombo. Nilikuwa nimefeli mara mbili."

Wojtasik akapiga. Labda kwa sababu ya uziwi, labda si kwa uziwi, alipiga kwa nguvu kuliko alivyopiga kwa Haldane na wote waliofuata, na sauti ikaenda juu ya maji hadi ng'ambo, ikakaa huko. Verlene alifumba macho. Alikuwa amejiandaa kulia, akashangaa kukuta bado amemkasirikia Neely. Ishirini na mbili! Ungesema neno moja tu, mzee wewe, nisingesugua hata kijiko. Akaona mabega yale yakitikisika. Akafumbua macho haraka.

Ibada ilipokwisha, watu wakaingia ukumbini kwa saladi ya viazi na maandazi. Verlene alibaki nje akifunga kishikizo cha koti. Fremu ya mwenyekiti, aliona kupitia dirisha, ilikuwa bado ukutani, ila taa yake ndogo mtu alikuwa ameizima. Kule ndani, wazee wanne walikuwa wamelizunguka birika. Mmoja alibonyeza kitu, likatoa mlio wa kukoroma. Mwingine akarudi nyuma hatua mbili. Wa tatu alikuwa amepiga magoti akitafuta valvu.

Stadtlander akatoka, koti wazi.

"Shem..." akaanza, akajirekebisha. "Bi Broadnax. Samahani. Lile birika. Unaanza na kipi?"

Verlene alimwangalia, akaangalia beji za kifuani pa mwenyekiti, akaangalia wazee wanne kupitia dirisha.

"Halikuwamo kwenye kadi yako?" alimwuliza, akashuka ngazi taratibu, goti moja baada ya jingine, kuelekea kwenye gari.